Mkaguzi wa jiji akipiga hodi, "karibu" yako ina uzito wa sahihi

SWALI: Shikamoo wakili. Mwaka 2022 mimi na mume wangu tulinunua nyumba katika mji mmoja wa California. Aliyetuuzia alikuwa ameshaigeuza gereji kuwa chumba chenye bafu na jiko dogo, na sasa anaishi humo shemeji yangu na mkewe, wanatuchangia kodi kidogo. Wiki iliyopita alikuja mtu wa jiji, akasema kuna aliyelalamika, anataka kuingia kuikagua gereji. Mama mkwe, aliyetoka Morogoro kututembelea, akamwambia karibu. Mwanangu akawahi mlangoni, akasema wazazi hawapo. Yule bwana ameacha kadi na barua kwamba atarudi. Nikimkatalia nitashtakiwa? Na nikimkubalia tutavunjiwa?

JIBU: Marahaba, dada yangu. Kumkatalia mkaguzi ambaye hana hati ya kuruhusu ukaguzi iliyosainiwa na jaji si kosa, na jiji haliwezi kukuadhibu kwa kukataa tu. Hilo ni jibu fupi. Refu ni kwamba kukataa hakuigeuzi gereji yako kuwa halali. Kunakupa siku chache za kujipanga, na ukizipoteza utajikuta pabaya kuliko ungemfungulia siku ya kwanza.

Haki hii ina historia inayofanana sana na yako. Novemba 1963, mkaguzi wa nyumba wa San Francisco aliingia jengo moja la kupangisha kufanya ukaguzi wa kila mwaka. Msimamizi wa jengo akamdokeza kwamba mpangaji wa chini, Roland Camara, analala nyuma ya sehemu yake wakati kibali cha jengo hakiruhusu watu kuishi pale. Mkaguzi akabisha hodi tarehe 6, Camara akakataa kwa sababu hakuona hati. Akarudi tarehe 8, akakataliwa. Wakaja wawili tarehe 22, wakakataliwa pia. Camara akafunguliwa mashtaka kwa kosa la kumzuia mkaguzi. Shauri likapanda mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani, na tarehe 5 Juni 1967 majaji sita dhidi ya watatu wakaamua kwamba Marekebisho ya Nne ya Katiba, yale yanayolinda makazi ya mtu dhidi ya upekuzi usio na msingi, hayawahusu polisi peke yao. Yanambana pia mkaguzi wa majengo, wa afya na wa zimamoto. Mwenye makazi akikataa, mkaguzi aende kwa jaji. Miaka minane kabla yake, mwaka 1959, mahakama hiyohiyo ilikuwa imesema kinyume katika shauri kutoka Maryland, kwa hiyo ukikuta makala ya zamani inayosema lazima ufungue, jua imepitwa.

Ila majaji walitoa kwa mkono wa kulia na kurudisha kidogo kwa wa kushoto. Polisi anayetafuta bangi lazima amwonyeshe jaji sababu za kuamini kwamba ipo katika nyumba hiyo. Mkaguzi wa majengo hahitaji kufika hapo. Inatosha kuonyesha kwamba jiji lina utaratibu wenye mantiki wa kukagua eneo zima, kwa kuangalia umri wa majengo, hali ya mtaa au muda uliopita tangu ukaguzi wa mwisho. Na palipo na malalamiko mahususi kama kwako, kazi yake ni nyepesi zaidi. Kwa kawaida jaji atamsainia. Basi usijenge matumaini yako juu ya kwamba hati haitapatikana.

Sasa nirudi kwa mama mkwe, maana kosa kubwa la kaya zetu liko hapo. Kwetu mtu akipiga hodi jibu ni karibu, na mzee hawezi kumwacha mgeni amesimama juani. Bwana afya akija na mtendaji wa mtaa, watu hufungua kwanza, maswali baadaye. Katika sheria ya Marekani neno hilo la adabu ni ridhaa, na ridhaa inaondoa haja ya hati. Mkaguzi hana wajibu wa kukueleza kwamba unaweza kukataa. Si lazima atamke neno "ruhusa" wala wewe usaini popote. Kurudi nyuma hatua mbili na kuuachia mlango wazi kumewahi kuchukuliwa kuwa kukubali. Na atakachokiona akiwa ndani kwa ridhaa, hata kama si gereji aliyoijia, kinaingia kwenye faili.

Mtu mzima anayeishi ndani anaweza kuridhia kwa maeneo anayoyatumia. Mgeni wa wiki tatu au mtoto, ridhaa yake ina walakini na wakili anaweza kuipinga, lakini kupinga kitu kilichokwisha kupigwa picha ni kazi ngumu na ya gharama. Ni rahisi zaidi kuwaambia wote wa nyumbani, bibi na watoto wakiwamo: mtu wa ofisi akija, ongea naye dirishani au toka nje ufunge mlango nyuma yako, chukua kadi yake, sema wenye nyumba watakupigia. Hakuna utovu wa adabu hapo. Mkaguzi mzoefu husikia jibu hilo kila siku wala hachukii.

Shemeji yako naye ana nafasi ya pekee. Kwa kuwa anakaa humo na kuchangia kodi, gereji ile kisheria ni makazi yake. Tangu mwaka 1961 Mahakama ya Juu imeshikilia kwamba mwenye nyumba hawezi kuridhia kwa niaba ya mpangaji wake. Kwa hiyo wewe huwezi kumfungulia mkaguzi chumba cha shemeji bila shemeji kukubali, na upande wa pili, shemeji akimkaribisha mkaguzi chumbani kwake wewe huna la kuzuia. Kaeni chini muongee lugha moja kabla hajarudi. Kumbuka pia kwamba sheria ya California inamtaka mwenye nyumba kutoa taarifa ya maandishi, kwa kawaida saa 24 kabla, anapotaka kuingia kwa mpangaji. Undugu haufuti hilo.

Yapo ambayo mkaguzi anaweza kuyafanya bila ruhusa yako. Anaweza kupita njia ya mbele hadi mlangoni kama tarishi, akabisha na kusubiri. Anaweza kusimama barabarani akapiga picha: pazia kwenye kilichokuwa lango la gari, mashine ya baridi ukutani, kisanduku cha barua cha pili. Anaweza kuomba kuingia uani kwa jirani na kuchungulia juu ya fensi jirani akikubali. Anaweza kufungua majalada ya vibali na kuona kwamba anwani yako haina kibali cha kugeuza gereji, au kutazama picha za angani, au, na hili huwaumbua wengi, tangazo la mauzo la 2022 lililobaki mtandaoni likiwa na picha za "chumba cha wageni" kikionyesha jiko na kitanda. Hivyo vyote huunganishwa kwenye kiapo cha kumwomba jaji hati. Asichoruhusiwa ni kuzunguka nyuma ya nyumba kupitia geti la uani bila ruhusa. Ua unaoambatana na nyumba unalindwa karibu sawa na nyumba yenyewe.

Dharura ni jambo jingine. Harufu ya gesi, moto, ukuta unaotaka kuanguka, waya wenye umeme ulio wazi, maji taka yanayofurika: hapo wanaingia bila hati wala ridhaa, na usisimame mlangoni kubishana. Mwingilio wa namna hiyo unaishia kwenye hatari yenyewe. Moto ukishazimwa na kila mtu akiondoka, kurudi baada ya siku kadhaa kuchunguza zaidi kunahitaji hati.

Tuseme umekataa na jiji limekwenda mahakamani. Karatasi utakayoletewa ina kichwa "Inspection Warrant". Isome taratibu kabla ya kusogea pembeni, maana California imeifungia masharti ya wazi kabisa katika Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, kuanzia kifungu cha 1822.50. Iwe na sahihi ya jaji wa mahakama, si ya mkuu wa idara. Itaje mahali penyewe panapokaguliwa na madhumuni. Ukiona anwani ya jirani au namba imekosewa, mwonyeshe mkaguzi hapohapo na upige picha. Nyuma yake kuna kiapo, na kiapo hicho lazima kiseme kwamba ridhaa iliombwa ikakataliwa, au kieleze kwa nini haikuombwa. Ndiyo sababu mkaguzi anapokuuliza "kwa hiyo unakataa?" na kuandika kwenye daftari, usiogope: anajaza fomu yake. Kukataa kwako ni hatua ya utaratibu, hakuhesabiwi kama ushahidi kwamba umevunja kanuni.

Hati hiyo haidumu zaidi ya siku 14, isipokuwa jaji aliyeisaini ameiongeza muda. Haitekelezwi kati ya saa 12 jioni na saa 2 asubuhi, wala wenyewe mkiwa hampo, mpaka jaji awe ameruhusu mahususi. Kama uliombwa ridhaa ukakataa, unapaswa kujulishwa angalau saa 24 kabla kwamba hati imetolewa, labda jaji aone kuna sababu ya kuitekeleza mara moja. Kuvunja mlango hakuruhusiwi ila jaji ameandika hivyo, na anaweza kuandika hivyo pale tu inaposhukiwa kwa msingi kuna hatari ya papo kwa afya au usalama, au pale walipojaribu kuitekeleza hati iliyotangulia wakashindwa. Hili la mwisho wengi hawalijui: ukijificha hati ya kwanza ikapita siku zake, ya pili inaweza kuja na fundi wa kufuli.

Na hapa ndipo mlango wa kukataa unapofungwa. Kumzuia kwa makusudi mkaguzi mwenye hati halali ni kosa la jinai la ngazi ya chini, ambalo kwa kawaida California hubeba hadi miezi sita jela ya kaunti au faini ya hadi dola 1,000, au vyote. Ukiona hati ina kasoro, sema pingamizi lako kwa sauti, lirekodi, kisha mpishe. Kasoro inapiganiwa mahakamani, si kizingitini. Rekodi kwa simu ikiwa mkononi, waziwazi, ukimwambia kwamba unarekodi, kwa sababu California haipendi mazungumzo ya faragha yarekodiwe kwa siri. Andika majina, saa ya kuingia na kutoka, vyumba vilivyoingiwa. Kama hati inataja gereji, msindikize gerejini kwa mlango wa gereji, usimpitishe sebuleni na chumbani kwako kwa sababu tu ndiyo njia ya mkato.

(Usichanganye hati hii na karatasi za idara ya uhamiaji ambazo husainiwa na maafisa wa idara hiyo wenyewe. Hayo ni mambo mengine, na mkaguzi wa majengo si afisa wa uhamiaji. Vilevile neno "code" kwenye fulana yake maana yake ni kanuni, halihusiani na kodi. Wapo waliokimbilia kulipa kodi ya ardhi wakidhani wamemaliza.)

Maoni yangu kwa kesi yako: usimkatalie jumla, wala usimfungulie kesho. Ipo njia ya tatu ambayo watu hawaitumii, nayo ni ridhaa yenye mipaka. Mwandikie barua pepe kwamba mtamruhusu kukagua gereji pekee, tarehe fulani, saa fulani, mkiwepo wewe, shemeji na fundi wenu mwenye leseni, na kwamba ruhusa hiyo haihusu sehemu nyingine ya nyumba. Ridhaa inaweza kuwekewa masharti, na inaweza kuondolewa katikati: ukisema "naomba tuishie hapa", anatoka. Omba wiki mbili au tatu. Kama barua haisemi kuna hatari ya haraka, wengi hukubali, kwa kuwa hati nayo ni karatasi na foleni kwao.

Wiki hizo zina kazi tatu.

Kwanza, omba faili. Sheria ya kumbukumbu za umma ya California inaitaka ofisi ijibu ombi ndani ya siku 10, ingawa inaweza kujiongezea 14. Jina la mlalamikaji kwa kawaida utalikuta limefutwa, na usipoteze muda kumtafuta jirani mchawi. Unachotaka ni kujua wanachokijua: malalamiko yanasema nini, wana picha gani. (Florida tangu Julai 2021 imewazuia wakaguzi kuanzisha shauri kwa malalamiko yasiyo na jina na anwani, isipokuwa pana hatari ya haraka. California si hivyo.)

Pili, ondoa kinachoweza kuua mtu, leo, bila kusubiri barua yoyote. Gereji zilizogeuzwa kienyeji zina magonjwa yaleyale. Hita ya maji ya gesi iliyokuwa kwenye kona inabaki humohumo watu wakilala, na moshi wake una kaboni monoksidi isiyo na harufu. Dirisha ni dogo au halipo, na mlango ni mmoja tu, kwa hiyo moto ukianzia jikoni hakuna pa kutokea. Chumba cha kulala kinahitaji dirisha la kujiokolea ambalo uwazi wake halisi likifunguliwa ni angalau futi za mraba 5 kwa ghorofa ya chini, kimo kisipungue inchi 24, upana usipungue inchi 20, na kizingiti chake kisizidi inchi 44 kutoka sakafuni. Angalia kwamba vipimo vidogo vyote viwili havitoshi pamoja: inchi 24 mara 20 ni futi za mraba 3.3 tu. Mafundi wengi hununua dirisha kwa kusoma namba hizo mbili na kuangukia hapo. Dari lisipungue futi 7. King'ora cha moshi kiwe ndani ya chumba, cha kaboni monoksidi nje karibu na mlango wa chumba. Umeme wa gereji ulipangwa kwa taa na lango. Jiko la umeme na hita ya chumba kwenye waya huohuo ndiyo chanzo cha harufu ya plastiki kuungua. Mkaguzi akikuta hatari ya aina hii, muda wote niliokueleza hautakuwa na maana, na shemeji anaweza kutakiwa kuhama siku hiyohiyo.

Tatu, tafuta ushahidi wa mwaka chumba kilipojengwa, na hapa ndipo ninapokuomba utulie. California inawataka watu waongeze nyumba ndogo za ziada viwanjani, hivyo imelainisha sheria. Kama gereji iligeuzwa kuwa makazi kabla ya 1 Januari 2020, jiji haliwezi kukunyima kibali cha kuihalalisha kwa sababu tu haikufuata kanuni za ujenzi. Linaweza kukutaka urekebishe yale yanayolifanya jengo kuwa hatari kwa afya na usalama. Sheria hiyo, iliyoanza kutumika mwanzoni mwa 2025, inakuruhusu pia kumlipa mkandarasi mwenye leseni akague kwa siri, kabla hujapeleka maombi. Fanya hivyo. Kuna kifungu kingine kinachokuwezesha kuomba utekelezaji wa notisi uahirishwe kwa miaka mitano kama marekebisho yanayodaiwa hayahusu usalama. Ombi hilo lazima liwe limekubaliwa kabla ya 1 Januari 2030, na notisi yenyewe ya kurekebisha inapaswa kukutajia haki hiyo. Ushahidi wa tarehe ni fomu ya maelezo aliyoijaza muuzaji, ripoti ya ukaguzi wa wakati wa ununuzi, bili za zamani, risiti za vifaa, picha za angani zenye mwaka. Fungua ile bahasha ya mauzo ya 2022. Kama muuzaji alijaza kwamba hakuna ujenzi bila kibali, ipeleke kwa wakili wa ardhi mapema. Madai dhidi yake yana ukomo wa muda.

Kuhusu kuvunjiwa: hata akikuta kila kosa, hawaji na tingatinga. Utaratibu wa kawaida ni notisi ya kurekebisha, yenye muda wa kutosha kama hakuna hatari ya papo. Usipotekeleza ndipo faini huanza. Faini za kanuni za majengo kwa miji ya jimbo hili mara nyingi huwa na ukomo wa dola 130 kwa kosa la kwanza, 700 la pili na 1,300 la tatu ndani ya mwaka mmoja, ila kila siku inaweza kuhesabiwa kosa jipya, na deni hupanda haraka kuliko watu wanavyodhani. Siku za kukata rufaa ndani ya jiji zimeandikwa kwenye notisi, mara nyingi kwa herufi ndogo nyuma ya karatasi. Zihesabu tangu tarehe ya kupewa, si tarehe uliyoifungua bahasha. Ukishindwa huko, una siku 20 za kupeleka shauri mahakama ya kaunti kwa ada ya dola 25, na mahakama hiyo hulisikiliza upya tangu mwanzo.

Jambo moja la mwisho kuhusu vibali. Siku utakapochukua kibali cha kuhalalisha, ukaguzi unakuwa sehemu ya kibali: nyaya na mabomba kabla ya kufunikwa, kisha ukaguzi wa mwisho. Fundi akipiga jipsamu ukutani kabla mkaguzi hajaona nyaya, wanaweza kukuamuru uibandue. Lakini hata hapo, mkaguzi anakuja kuona kazi iliyo kwenye kibali. Akiomba "nitupie jicho humu ndani pia", jibu unalo.